Aliyevuka Amvushe Mwenzake

Barua nne tumezichagua mwezi huu. Zimeandikwa na watu waliofika Uganda mikono mitupu, wakahangaika, wakasimama, na sasa wanataka kuwainua wengine. Mbili tumezijibu kwa kirefu kwa sababu zina mambo mengi ya kupima na kuhesabu.

Aliyetunza pesa ndiye aliyehama nazo

*Salamu kwenu wahariri. Natoka Kivu Kusini, Kongo, huu ni mwaka wangu wa sita hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tulikuwa na likelemba ya watu 30, wote wanatoa, mmoja anapokea. Baadaye tukaona tuweke akiba na kukopeshana, tukamkabidhi mwenzetu mmoja. Alihama usiku na pesa zote. Sasa watu 22 wananiomba niwaongoze tuanze upya, lakini hofu imetuingia. Tufanyeje?* (Msomaji, Nakivale)

Kaka, yule mwenzenu mlimpa vitu vitatu kwa pamoja: pesa, daftari na ufunguo. Hata mtu mwaminifu akiachiwa hivyo vitatu, siku mtoto wake akilazwa mkono utaingia sandukuni, tena kwa nia ya kurudisha. Utaratibu wa kuweka na kukopa kwa hisa, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na sasa umeenea Afrika nzima, kazi yake kubwa ni kuvitenganisha hivyo vitatu.

Watu 22 wanafaa. Wakizidi 25 mkutano unakuwa mrefu, watu wanaondoka kabla pesa hazijahesabiwa, na wizi huanzia hapo. Mwambieni fundi wa kuchomelea awatengenezee sanduku la bati lenye sehemu tatu za kufuli, nanyi mnunue kufuli tatu za funguo tofauti. Washika funguo wawe wanachama watatu wa kawaida, wasio ndugu na wasiolala nyumba moja. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wasishike ufunguo hata mmoja. Sanduku likae kwa mtu mwingine tena.

Ndani ya sanduku wekeni mifuko miwili ya rangi tofauti, mmoja wa hisa na mikopo, mwingine wa mfuko wa jamii. Vitabu vya wanachama wote, muhuri na wino vifungiwe humo humo. Mtu asipeleke kitabu chake nyumbani, maana huko ndiko hisa tatu hugeuka kuwa nne.

Bei ya hisa moja mwacheni aipange yule mwenye kipato kidogo kuliko wote. Tuseme ni shilingi 2,000. Kila mkutano mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, basi. Aliye na uwezo hatamzidi mwenzake mpaka akitawale kikundi, na aliye na kidogo haoni aibu. Kila hisa moja ni muhuri mmoja kitabuni, na nafasi zilizobaki wiki hiyo zichorwe mstari wa kukata. Muhuri unamsaidia sana mama asiyejua kusoma, kwa sababu anaweza kuhesabu akiba yake mwenyewe kwa kidole.

Sasa mkutano wenyewe. Kaeni duara, kila mtu na namba yake, namba hiyo isibadilike. Kabla sanduku halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza, "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Watu wanajibu kwa sauti. Ndipo washika funguo wanafungua, na wahesabu wawili wanahesabu ndani ya beseni katikati ya duara, kila mtu akiona. Mwisho wa mkutano kiasi kipya kinatangazwa na wote wanakirudia kabla ya kufunga. Daftari linaweza kuchanwa au kuungua, lakini namba iliyokaa katika vichwa 22 si rahisi kuibadilisha. Vikundi vingi huona jambo hili ni la kitoto wakaliacha mwezi wa pili. Msiliache.

Mfuko wa jamii uwe kiasi kidogo kinacholingana kwa wote, kwa mfano shilingi 500 kila wiki. Huo ni wa ugonjwa na msiba, haulipiwi riba, na msiuchanganye na pesa za mikopo hata siku moja.

Mikopo ianze mkutano wa tano hivi. Mtu asikopeshwe zaidi ya mara tatu ya akiba yake: mwenye 40,000 mwisho wake ni 120,000. Muda usipite miezi mitatu. Riba mnaamua wenyewe. Kwa kikundi kipya asilimia 5 kwa mwezi inatosha, yaani 6,000 kwa ule mkopo wa 120,000. Riba ikifika 10 mtaona wanachama wenye biashara ndogo wanaogopa kukopa, na pesa inalala. Mkopaji aseme mbele ya wote pesa anaipeleka wapi. Asiye mwanachama asikopeshwe, hata akiwa mtu mkubwa wa kijiji. Kwake mtadai kwa heshima mpaka mzunguko uishe.

Mzunguko usizidi mwaka mmoja. Sitisheni mikopo mipya miezi mitatu kabla ya mgao, yaani siku ya kugawana pesa, ili yote irudi. Hesabu ya mgao ni ya darasa la nne: jumla ya pesa za hisa na mikopo, bila mfuko wa jamii, igawanywe kwa jumla ya hisa za wote. Tuseme mna 5,940,000 na hisa 2,475. Kila hisa iliyonunuliwa 2,000 sasa ina thamani ya 2,400. Mwenye hisa 96 aliweka 192,000, anaondoka na 230,400. Fanyeni hesabu hiyo mbele ya watu, kwenye karatasi kubwa.

Kwa Isingiro, wilaya yenu ya Nakivale, tunashauri mgao uwe mwishoni mwa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, au Agosti, kabla ya mvua za Septemba, ili pesa ikute ada au mbegu zikiisubiri. Wiki za mwisho sanduku huwa limejaa, na ndizo wiki za kuvunjiwa. Sehemu ya pesa ipelekeni kwenye akaunti ya kikundi, na tarehe ya mgao isitangazwe nje.

Jambo la mwisho, kaka. Waalikeni na wenyeji wachache, Wanyankole majirani zenu. Wao wanajua ni nani anayekodisha shamba na soko gani linalipa siku gani, na mkienda kujiandikisha kwa ofisa wa maendeleo ya jamii kwenye kata, kikundi chenye pande zote mbili husikilizwa haraka.

Nawafundisha kushona, wanaondoka katikati

*Mimi ni mama wa watoto wanne, ninashona vitenge Nsambya, nina cherehani tatu za miguu. Mwaka jana nilichukua wasichana sita bure, wakimbizi kama mimi. Wanne waliacha kabla ya miezi mitatu, na mmoja aliharibu kitenge cha mteja, nikalipa mimi. Bado moyo wangu unataka kufundisha. Nikosoeni.* (Mama wa Nsambya, Kampala)

Mama, hatuna cha kukukosoa kwa moyo huo. Hesabu yako ya wasichana sita kwa cherehani tatu ni sawa, wawili kwa mashine moja: mmoja anashona, mmoja anakata au anapiga pasi. Wakiwa watatu, wa tatu anakaa kutazama, na anayetazama ndiye wa kwanza kuacha.

Sababu kubwa ya kuondoka ni njaa. Siku ya kujifunza kwako ni siku isiyo na kibarua, na miezi sita bila shilingi ni mirefu kwa binti anayelipa kodi ya chumba na wenzake. Kwa hiyo panga mafunzo ili kufikia wiki ya nne awe na kitu cha kumwingizia pesa. Kubadilisha zipu, kupunguza suruali ya mitumba, kukunja pindo, foronya za mito, mifuko ya kubebea ya vipande vya kitenge. Zipu ndiyo inayoleta pesa ya kwanza. Mgawane kwa kiwango mlichokubaliana tangu mwanzo. Masomo yaishie saa saba au saa nane mchana, jioni apate nafasi ya kuuza.

Wiki ya kwanza usimpe uzi. Aanze na miguu tu, mashine ikiwa tupu na mguu wa kukandamiza umenyanyuliwa. Gurudumu alisukume kwa mkono kuelekea kwake, kisha miguu iendeleze bila kurudi nyuma, maana mashine ikirudi nyuma ikiwa na uzi, uzi unajisokota na kukatika. Baada ya hapo mpe karatasi za daftari la shule zenye mistari na sindano iliyochakaa, kwa sababu karatasi inaua makali ya sindano nzuri. Atoboe juu ya mstari mpaka matundu yasitoke nje. Kisha miraba, kisha duara la konokono linaloingia ndani. Anayeweza kusimama konani sindano ikiwa chini, akanyanyua mguu wa mashine, akageuza karatasi na kuendelea bila kuruka, huyo mpe kitambaa.

Wafundishe magonjwa ya mashine mapema, wasikuite kila dakika. Uzi ukifanya kichaka chini ya kitambaa, karibu kila mwanafunzi anafungua bobini, kumbe kasoro mara nyingi iko juu: uzi haukuingia vizuri kati ya sahani za kukaza. Apitishe uzi upya mguu wa mashine ukiwa juu, ili sahani ziwe wazi. Mshono ukiruka, kwanza abadilishe sindano, kisha aangalie kama imeingia mpaka mwisho na bapa lake limekaa upande unaotakiwa. Uzi huingia tundu la sindano kutokea upande wenye mfereji mrefu. Kwa kitenge tumia sindano namba 14, kwa jinzi na kaki namba 16, kwa vitambaa vyepesi namba 11. Asafishe vumbi la pamba chini ya meno kila jioni, na atie mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda, na baada ya mwezi mashine inakuwa nzito kama kinu.

Sasa kukata. Tuseme wazi: mafundi wengi hufundisha kushona na kuficha kukata, ili mwanafunzi abaki mtu wa kutumwa. Ukificha kukata umepata kibarua, hujatoa fundi. Mfundishe kwa karatasi ya kaki kwanza: kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mgongo. Kitenge hakivutiki, basi kwenye kifua aongeze sentimita 5 hadi 8 za kupumua. Mshono wa kawaida aache sentimita 1.5, ubavuni 2.5 ili nguo iweze kufunguliwa mteja akinenepa, pindo la chini 4 au 5.

Kitambaa cha mteja asikiguse kwa mkasi kabla ya mwezi wa nne wa mafunzo. Nunua mashuka ya mitumba kule soko la Owino, akate humo magauni matatu au manne kamili. Na kabla ya kukata kitenge chochote kilowekwe majini, kianikwe kivulini, kipigwe pasi, kwa sababu cha bei nafuu hurudi kikifuliwa na mteja atasema umemwibia kitambaa. Kisha atandaze yadi zote sita mezani atazame mwelekeo wa picha. Hapa ndipo wengi wanaharibu: kitenge kina ndege, mbele ya gauni ndege wamesimama, mikononi wanaelekea chini, na hakuna tena kitambaa cha kurekebisha. Mwambie achore mshale wa chaki kwenye kila kipande cha karatasi, na mishale yote ielekee upande mmoja kabla mkasi haujaingia.

Kabla hujampokea mwanafunzi, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, nakala mbili, mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, awe shahidi: muda, saa za kazi, nani ananunua uzi, mgawo wa pesa ya zipu, na kitambaa cha mteja kikiharibika nani analipa. Hasara hiyo tunapendekeza mgawane nusu kwa nusu kuanzia mwezi wa nne, kabla ya hapo ni juu yako, kwa sababu wewe ndiye uliyempa mkasi. Karatasi hii inawalinda wote wawili.

Mwezi wa mwisho usimpe mshono mpya. Mpeleke Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, akaulize mwenyewe bei ya uzi, zipu na vifungo. Akae yeye na mteja, ampime, ataje bei, akubali kubishiwa. Wapo wanaoshona vizuri kuliko walimu wao lakini hawawezi kutaja bei bila kuinamisha kichwa. Kisha ulizia kituo cha ufundi kilicho karibu kuhusu mtihani wa ujuzi uliopatikana kazini, ule ambao cheti chake wengi wanakijua kama Worker's PAS. Unapima kazi ya mikono, na unamfaa binti ambaye vyeti vyake vya shule vilibaki Bukavu.

Jirani kafika juzi, nimsaidie vipi?

*Familia ya watu watano kutoka Ituri, Kongo, imepanga chumba kando yetu Katwe. Hawajui Kiganda wala Kiingereza. Nianzie wapi?* (Kijana wa Katwe)

Anzia kwenye karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka mtu aombe hifadhi ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini. Wasindikize kwenye ofisi ya wakimbizi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ile wote tunayoiita OPM, familia nzima pamoja na mtoto mchanga, kwa sababu asiyeandikishwa siku hiyo husumbua kumwongeza baadaye. Kujiandikisha ni bure. Atakayewaambia kuna kiasi kidogo cha kuharakisha, muage. Wakipata cheti cha kuandikishwa, kipigwe picha kwa simu na nakala zibaki kwako. Cheti hicho ndicho kitakachoulizwa wakitaka kusajili laini ya simu.

Waeleze ukweli kabla hawajaamua kubaki mjini: kiwanja na mgawo wa chakula viko kwenye makazi kama Kyangwali au Nakivale. Kampala mtu anajitegemea. Wasiamue kwa kusikia tu.

Watoto wapelekwe shule ya msingi ya serikali mapema. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa atarudishwa nyuma darasa moja au mawili kwa ajili ya Kiingereza, hilo ni la kawaida. Akirudishwa manne, nenda na mzazi mkaongee na mwalimu mkuu, muombe apimwe hesabu peke yake. Wakubwa wafundishe Kiganda cha sokoni: *ssebo* (bwana), *nnyabo* (mama), *ssente mmeka* (shilingi ngapi), *weebale* (asante). Watafurahi kuona kwamba mengi wanayo tayari: duka ni *edduuka*, meza ni *emmeeza*, na kitabu ni *ekitabo*.

Na usiwaulize yaliyowapata njiani. Wakitaka kusema watasema wenyewe. Ukiona mmoja halali wiki nzima, anashtuka kwa kila mlio, hali chakula, mpeleke kituo cha afya cha serikali, na ukae naye kwenye foleni umtafsirie.

Mtaji wangu unaliwa na msaada

*Nauza vitenge Kansanga. Kila wiki mtu ananijia na shida ya kweli, nami najua shida ilivyo. Nikimpa, najikuta sina pesa ya kununua mzigo. Nikimnyima, silali.* (Dada wa Kansanga)

Dada yetu, pesa ya mzigo si yako kuitoa, hata kwa shida ya kweli. Fanya mifuko mitatu kila Jumamosi jioni: kwanza rudisha pesa ya mzigo kamili, kisha ya nyumba, na katika faida inayobaki tenga kiasi kisichobadilika cha kuwapa watu. Tuseme faida ya wiki ni 60,000, nyumba inachukua 45,000, weka 5,000 za msaada na 10,000 zikuze mtaji. Zile 5,000 zikiisha Jumanne, mjibu mwenzio kwamba za wiki hii zimekwisha, mwambie siku ile ile. Kumwambia "rudi kesho" mara tatu kunamuumiza kuliko kumnyima.

Kwa mwenye nguvu za kutembea na mdomo wa kuuza, mpe mali kauli badala ya pesa. Mpe doti tatu za kitenge, andika kwenye daftari rangi na namba ya kila moja, bei unayotaka irudi kwako, na tarehe, siku 14. Anachouza juu ya hapo ni chake. Asichouza akirudishe kikiwa bado kimekunjwa. Mchagulie vile vinavyotoka haraka, usimpe vilivyokudodea. Akirudisha hesabu kamili mara mbili mfululizo, mpe tano. Asipoonekana siku ya 14, nenda kwake siku ya 15, usingoje mwezi, kwa sababu kitenge cha tatu huenda bado kipo na mnaweza kukiuza pamoja.